Mihogo safi kutoka maabara hadi shambani: mwongozo kamili wa kudhibiti batobato na michirizi ya kahawia

Swali linalomfikia afisa ugani kila msimu ni lilelile: mihogo yangu imekunjamana majani, nipulize dawa gani? Jibu lake halifurahishi. Hakuna dawa. Batobato na michirizi ya kahawia ni magonjwa ya virusi, na kirusi kikishaingia kwenye mti wa muhogo hakuna sumu ya dukani itakayokitoa. Kuwapulizia inzi weupe wanaovieneza nako hakulipi: wanazaliana upesi, wanahama kutoka shamba la jirani, na muda mfupi wa kufyonza jani unawatosha kuambukiza. Kilichobaki ni kuchagua aina isiyoshikwa kirahisi, kuianzisha ikiwa safi, na kuilinda isichafuke. Katika kila moja ya kazi hizo tatu maabara ina mkono wake.

Wengi wakisikia bioteknolojia wanawaza GMO tu, yaani mimea iliyobadilishwa jeni kwa uhandisi. Humo mna mengi: miche inayooteshwa kwenye chupa, kipimo cha virusi kwa sampuli ya jani, uzalishaji wa aina mpya unaoongozwa na alama za vinasaba, uhandisi jeni wenyewe, na sasa uhariri wa jeni. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mkulima wa Mkuranga, Kilifi au Sengerema, mche safi na kipimo cha maabara vina thamani kuliko hayo mengine yote. Kwanza vipo leo. Pili, hata hayo mengine yakifika, yatapandwa kwa pingili ileile, kipande cha shina ambacho ndicho mbegu ya muhogo, na pingili chafu haijali jeni gani imewekwa ndani.

Hatua ya 1: Jua ni ugonjwa upi

Magonjwa haya mawili ni ya zamani kwetu. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika eneo ambalo sasa ni Tanzania. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, kule milimani Muheza. Kwa miongo mingi iliaminika kwamba michirizi ni ugonjwa wa pwani na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, haupandi zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, nyanda za juu, na tangu hapo umezagaa Kanda ya Ziwa hadi Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo.

Batobato huitambua hata mtoto. Majani machanga yana mabaka ya njano au kijani kilichopauka, yamejikunja, upande mmoja mdogo kuliko mwingine, na mti umedumaa. Ukiona vidoadoa vidogo vya njano kwenye majani ya juu bila jani kupinda, usikimbilie kuiita batobato. Mara nyingi huyo ni utitiri wa kijani. Geuza jani uangalie chini yake.

Michirizi ya kahawia ni janja zaidi. Majani ya juu yanaweza kuwa mazuri kabisa. Unjano unajitokeza kwenye majani ya chini yaliyokomaa, ukifuata mishipa midogo ya jani, na jani halijikunji. Wakati wa kiangazi majani hayo yanapukutika na ushahidi unaondoka nayo. Kwenye shina changa, sehemu bado ya kijani, tafuta michirizi ya rangi ya zambarau au kahawia. Mahali pa uhakika zaidi ni kwenye mzizi. Ung'oe, uumenye, kisha uukate vipande vya mviringo kuanzia shingoni hadi mkiani, maana uozo huu haukai mahali pamoja. Kipande cha kwanza kinaweza kuwa cheupe safi na cha nne kikawa na madoa ya kahawia makavu, magumu kama kizibo, yasiyo na maji wala harufu ya kuoza. Mzizi mwingine unakuwa na kiuno, umebanwa katikati. Ukipikwa, sehemu ile haiivi na ina uchungu. Wanawake wanaomenya makopa wanaijua hali hii kabla ya mtaalamu yeyote. Waulize wao kwanza shamba lipi lina vipande vingi vya kutupwa.

Ukishajua ugonjwa, uliza umetoka wapi. Kwa batobato kuna kipimo cha macho kisichohitaji gharama. Chunguza mmea wenye miezi miwili au mitatu kuanzia jani la chini kabisa. Kama hata jani la kwanza kuchipua lilikuwa na mabaka, pingili ilipandwa ikiwa gonjwa. Kama majani ya chini ni safi na mabaka yanaanzia katikati kwenda juu, inzi weupe ndio walioleta. Shamba la aina ya kwanza linakwambia ubadilishe mbegu. La aina ya pili linakwambia utazame jirani zako.

Simu nayo inasaidia. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, inazungumza Kiswahili na hufanya kazi bila intaneti. Elekeza kamera kwenye jani, itakuambia inachokiona. Usiiamini kwa jani moja; ipe majani sita ya mmea mmoja na usahihi wake unapanda. Bado haioni kirusi kilichojificha kwenye mti usio na dalili.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kukata mbegu

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo penye faida kubwa. Kipimo kinachotumika kinaitwa PCR. Maabara huchukua kipande kidogo cha jani, hutoa vinasaba vyote vilivyomo, halafu huzidisha mamilioni ya mara kile kipande cha kirusi kinachotafutwa, kama kipo. Vinasaba vya virusi vya batobato ni vya aina ya DNA. Vya michirizi ni vya aina ya RNA, kwa hiyo huongezwa hatua ya kuigeuza RNA kuwa DNA kwanza. Tofauti hii ina maana kwako wewe unayechuma sampuli: RNA huharibika upesi.

Fanya hivi. Tembea shamba kwa mistari miwili inayokatana, kona hadi kona, na chagua mimea 30 bila kupendelea mizuri wala mibaya. Andika kila mmoja una hali gani kwa kipimo cha 1 hadi 5, ambapo 1 ni safi na 5 ni hoi. Kila mmea chuma jani moja changa la juu na moja lililokomaa la chini. Yaweke kwenye bahasha ya karatasi au katikati ya kurasa za gazeti, kamwe si kwenye mfuko wa plastiki, maana yatatoka jasho na kuvunda. Andika kwa penseli jina la aina, kijiji, tarehe na namba ya mmea. Wino wa kalamu hufutika ukilowa. Yakae kivulini au kwenye boksi lenye barafu, na yafike maabara mapema iwezekanavyo.

Tanzania, ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mikocheni jijini Dar es Salaam au ofisi iliyo karibu ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kenya ni KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, na KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo. Uganda ni kituo cha utafiti cha Namulonge. Mkulima mmoja wa robo eka hatalipia kipimo, na haina haja. Kikundi kinachozalisha mbegu kwa ajili ya kata nzima kinapaswa kukiingiza kwenye bajeti kama kinavyoingiza palizi.

Hatua ya 3: Chagua aina, ukijua inakinza au inavumilia

Ukinzani na ustahimilivu huchanganywa sana. Mti unaokinza hauruhusu kirusi kuzaliana ndani yake, au hukizuia kikabaki kidogo mno. Mti unaovumilia unakibeba, unaendelea kustawi, na unakupa mavuno ya kuridhisha. Kwa mwenye shamba, wote wawili ni wazuri mwaka wa kwanza. Kwa kijiji, huyo wa pili ni mzigo, kwa sababu pingili zake zinapendeza machoni, zinagawiwa harusini na misibani, na kila zinapofika zinafika na kirusi. Kiroba, inayopendwa sana Pwani kwa utamu wake, ni mfano wa aina inayovumilia michirizi. Sisemi usiipande. Nasema pingili za Kiroba ndizo za kupimwa kwanza.

Asili ya ukinzani wa michirizi inaturudisha Amani. Katika miaka ya 1930 na kuendelea, watafiti pale walipandisha muhogo na ndugu zake wa porini, mmojawapo Manihot glaziovii, ule mti wa mpira ambao majani yake ndiyo kisamvu cha mpira kwa wanaokipenda. Vizazi vyao vilirudishwa tena na tena kwa muhogo wa kawaida hadi mizizi ikawa inalika. Kutokana na kazi hiyo tuna Namikonga, ambayo Kenya wanaiita Kaleso, na hadi leo ndani ya vinasaba vyake kuna vipande vilivyotoka kwa mti wa mpira. Aina nyingi zinazozalishwa sasa kupambana na michirizi zina damu ya Namikonga.

Ukinzani wa batobato ulitoka upande mwingine, kwa mihogo ya asili ya Afrika Magharibi, na wazalishaji wameutumia kwa miaka mingi chini ya jina CMD2. Jeni yenyewe haikujulikana hadi mwaka 2022. Ilipopatikana ikakutwa ni badiliko dogo kwenye kimeng'enya cha muhogo chenyewe kinachonakili DNA. Kirusi cha batobato hakina kimeng'enya chake. Huazima cha mti. Kikikuta hicho kilichobadilika, uzazi wake unakwama.

Alama za vinasaba zinaingia hapa. Zamani mzalishaji alisubiri msimu mzima, mti uugue au usiugue, ndipo achague. Sasa mche wenye majani machache unatolewa kipande, unapimwa, na kama hauna jeni inayotakiwa unatupwa kabla haujachukua nafasi shambani. Hakuna jeni ngeni iliyoingizwa. Ni upandishaji uleule wa mababu, ila umewekewa macho.

Aina za kuulizia: Zanzibar kuna Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zilizotolewa mwaka 2007, Tanzania Bara kuna Mkumba, Chereko, Kipusa na zile za TARICASS, Uganda kuna NASE 14 na NAROCASS 1. Orodha hubadilika, kwa hiyo muulize mtafiti wa kanda yako, na mwulize hivi: inakinza au inavumilia, na kwa ugonjwa upi? Aina bingwa dhidi ya batobato inaweza kuwa dhaifu mbele ya michirizi. Uganda walilijua hilo kwa gharama kubwa: walishaliokoa zao kutoka kwa batobato kali ya miaka ya 1990, kisha michirizi ikazikuta aina zilezile za ushindi zikiwa hazina kinga.

Hatua ya 4: Kama kuna GMO, uliza maswali sahihi

Wazo la kuupa mmea kinga kwa kutumia kipande cha kirusi chenyewe si geni. Huko Puna, Hawaii, kirusi kilikuwa kinaangamiza mashamba ya mipapai katika miaka ya 1990. Timu ya mtafiti Dennis Gonsalves ikaweka kwenye papai jeni ya ganda la kirusi hicho, na mwaka 1998 wakulima wakapewa mbegu. Mipapai ikasimama, na hadi leo inalimwa.

Kwa muhogo, mradi uitwao VIRCA ulikutanisha Donald Danforth Plant Science Center ya Marekani, KALRO ya Kenya na NaCRRI, kile kituo cha Namulonge, Uganda. Walichukua aina ya TME 204 na, kwa kutumia bakteria Agrobacterium, ambayo kwa asili yake hupenyeza DNA kwenye mimea, wakaingiza vipande vya jeni za ganda la virusi viwili vinavyoleta michirizi. Vipande hivyo havitengenezi ganda lolote. Vimepangwa ili mmea utoe RNA yenye nyuzi mbili, kitu ambacho seli ya mmea hukichukulia kuwa dalili ya uvamizi. Seli huikatakata, na vile vipande vidogo hutumika kutambua RNA ya kirusi halisi kikiingia na kuikata nayo. Mstari uliofaulu ulipewa namba 4046. Ulijaribiwa Kenya, ikiwemo Mtwapa, na Uganda, kwa misimu kadhaa, na mizizi yake ikabaki safi.

Kuna jambo moja humo ambalo halisemwi sana mikutanoni. TME 204 kwa asili inakinza batobato. Ilipopitishwa kwenye hatua za maabara za kuotesha mmea mzima kutoka seli, ukinzani huo ukapotea. Hata mimea ambayo haikuwekewa jeni yoyote iliupoteza. Kwa hiyo 4046 peke yake inashinda michirizi na kuangushwa na batobato, na ilibidi ipandishwe na aina za wakulima zenye ukinzani wa batobato ili kizazi kiwe na vyote viwili. Ukisikia mtu anasema GMO imemaliza tatizo la mihogo, muulize kuhusu hilo.

Kisheria mambo hayalingani. Kenya ina Sheria ya Usalama wa Bayolojia ya 2009, na mwezi Juni 2021 mamlaka yake iliruhusu 4046 iende kwenye majaribio ya kitaifa ya utendaji. Marufuku ya GMO ya mwaka 2012 iliondolewa na baraza la mawaziri mwezi Oktoba 2022, kisha kesi zikafuata mahakamani. Uganda, bunge lilipitisha muswada mwaka 2017 na tena 2018, na mara zote mbili Rais hakuutia saini. Tanzania ilianza jaribio la mahindi ya GMO Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, halafu serikali ikasitisha majaribio ya aina hiyo. Kwa hiyo mtu akikuletea gunia la pingili na kukunong'oneza kwamba ni mihogo ya GMO isiyougua, mrudishie. Ama anakudanganya, ama anakuingiza kwenye kosa, na vyovyote vile pingili zake hazijakaguliwa na yeyote.

Siku aina ya namna hiyo itakaporuhusiwa kwako kihalali, uliza haya: ni aina gani ya asili iliyobebeshwa jeni, na unga wake unafaa kwa mapishi yetu? Inakinza batobato pia? Pingili nitajizalishia mwenyewe msimu ujao bila kulipa mtu? Je, wanunuzi wa makopa na wanga katika soko langu wataipokea? Masuala ya usalama wa kula yanapimwa na mamlaka kabla ya ruhusa, na una haki ya kuomba muhtasari wa tathmini hiyo.

Uhariri wa jeni hauhitaji kuacha kipande kigeni ndani ya mmea. Unabadilisha jeni iliyopo. Kwenye muhogo wamejaribu kuzima jeni ambazo kirusi cha michirizi huzihitaji, na uozo wa mizizi ulipungua ingawa haukwisha. Kenya ilitoa miongozo yake ya uhariri mwaka 2022. Ni kazi ya watafiti bado.

Hatua ya 5: Pokea na kukomaza miche ya chupa

Kwenye ncha ya chipukizi kuna sehemu ndogo sana ambako seli hugawanyika haraka na virusi mara nyingi havijafika. Maabara huweka mti mama kwenye joto la nyuzi 36 hadi 38 kwa wiki kadhaa ili kudhoofisha virusi, kisha hukata ncha isiyofikia milimita moja na kuiotesha kwenye rojo la agari lenye sukari, madini na homoni. Mche unaotoka hupimwa kwa PCR. Ukiwa safi, hukatwakatwa na kuzidishwa ndani ya chupa. Kumbuka: unakuwa safi, si mkinzani. Ukiupanda kando ya shamba gonjwa utaugua kama mwingine wowote.

Miche hufa zaidi katika wiki mbili za mwanzo nje ya chupa. Ndani ya chupa hewa ilikuwa na unyevu uliojaa, kwa hiyo majani yake hayajajifunza kuzuia maji yasitoke. Utaratibu ni huu.

Andaa udongo mapema. Changanya udongo wa juu wenye rutuba na mchanga wa mtoni, kisha uchemshe kwa mvuke kwenye pipa: maji chini, sahani yenye matundu juu yake, udongo juu ya sahani, mfuniko, moto. Fukia kiazi kimoja katikati ya udongo. Kiazi kikiiva, na udongo wako uko tayari. Uache upoe kabisa, hata siku mbili.

Chupa zikifika usizifungue siku hiyohiyo. Ziweke kivulini siku mbili tatu zizoee mwanga na joto la mahali pako. Kisha toa mche kwa kibanio taratibu, usiuvute kwa shina, na uoshe mizizi kwenye maji safi ya uvuguvugu hadi agari yote iishe. Usiifanyie haraka sehemu hii. Agari ina sukari, na ikibaki hata kidogo kwenye mizizi, ukungu utaikuta ndani ya siku chache, na shina litalainika usawa wa udongo na kuanguka. Pitisha kidole gumba na cha shahada kwenye mzizi. Kama bado unateleza, osha tena.

Panda kwenye vikombe au viriba, mwagia maji kidogo, funika kwa plastiki angavu iliyoshikwa na fito isiguse majani, na weka chini ya kivuli. Kwa wiki ya kwanza plastiki iwe na matone ya maji ndani wakati wote. Wiki ya pili ianze kuinuliwa jioni kidogo kidogo, kila siku zaidi. Baada ya hapo miche ikae chini ya neti ya kuzuia inzi weupe, kivuli kikipunguzwa polepole, hadi itakapokuwa na shina gumu na majani mapya yaliyoota nje ya chupa. Kati ya wiki sita na nane inaweza kwenda shambani, mvua zikiwa zimeshakolea. Ikipelekwa kabla ya mvua, kazi yote hiyo inakauka kwa siku tatu.

Hatua ya 6: Anzisha shamba mama na ulilinde

Chagua mahali pasipokuwa na mihogo msimu uliopita, mbali na mihogo ya watu kadiri inavyowezekana. Ondoa maotea yote. Pingili moja iliyosahaulika ardhini ina uwezo wa kuambukiza shamba zima. Kirusi cha michirizi hudumu kwa inzi mweupe siku moja au mbili tu, kwa hiyo hakisafiri mbali kwa mbawa. Safari ndefu hufanywa na binadamu mwenye furushi la pingili juu ya baiskeli au basi. Ukitaka aina kutoka nchi jirani, ije kwa chupa, yenye cheti cha afya ya mimea. Kituo cha karantini cha Muguga, Kenya, kimetumika kusafisha na kusambaza mihogo ya kanda kwa njia hiyo.

Shamba la chakula hupandwa mita 1 kwa mita 1, mimea 4,000 kwa eka. La mbegu unaweza kubana hadi mita 1 kwa nusu, mimea 8,000. Pingili ya kawaida ina sentimita 20 hadi 30. Ukiwa na mbegu chache, kata vipande vya vifundo viwili kwenye sehemu ngumu ya shina, na vifundo vinne hadi sita kwenye sehemu laini, uvichipushe kwenye kitalu chenye unyevu na kivuli kabla ya kuhamisha. Mti mmoja unazaa miche mingi mno kuliko ukikata za kawaida.

Kisha inakuja kazi ya kukagua. Tangu kuchipua hadi mwezi wa tatu, pita kila wiki, asubuhi, jua likiwa nyuma yako ili mabaka yaonekane. Mmea wenye dalili ng'oa na mizizi yake, uuache ukauke nje ya shamba au uuchome. Usiuonee huruma kwa kuwa ni mnene. Nimewaona wanavikundi wakizunguka mti mmoja uliostawi, kila mmoja akitoa sababu ya kuuacha. Kadiri walivyoujadili ndivyo inzi walivyozidi kuruka kutoka kwenye majani yake.

Nguvu ya kweli inakuja kijiji kikikubaliana: wote wanaondoa mihogo ya zamani msimu mmoja na wote wanapanda safi. Njia hiyo imejaribiwa Tanzania, Pwani na Kanda ya Ziwa, na ilipunguza michirizi sana pale watu walipong'oa kweli. Ni ngumu, maana unamwambia mtu aondoe chakula chake ardhini. Ndiyo sababu ifanyike mavuno yakishatolewa, na mbegu mpya ziwe zimeshafika kijijini, zisiwe bado ahadi.

Unapotaka kuuza, jisajili TOSCI kama mzalishaji wa mbegu. Mkaguzi atakuja shambani, na shamba lenye ugonjwa kupita kiwango litakataliwa. Daraja linalowafaa wanavikundi wengi ni mbegu za kuazimiwa ubora, zile ambazo mzalishaji mwenyewe hutamka ubora wake chini ya uangalizi, kwa kuwa masharti yake yanabebeka.

Hatua ya 7: Siku ya kuvuna

Usikate pingili kabla hujakagua mizizi. Ng'oa mimea kadhaa kutoka kila pembe ya shamba na katikati, kata mizizi yote vipande kama ilivyoelezwa hapo juu, na hesabu yenye madoa. Shamba lenye uozo wa michirizi ni la chakula, hata kama mashina yake ni mazuri vipi. Livune mapema, maana mizizi iliyoanza kuharibika huzidi kuharibika kadiri inavyokaa ardhini, na mashina yateketezwe.

Lililo safi, kata pingili kutoka sehemu ya kati ya shina, zifunge mafungu yenye idadi moja, na kila fungu liwe na karatasi: jina la aina, jina la kikundi, mwezi wa kukata, tarehe ya kipimo cha mwisho cha maabara. Zikae wima kivulini, sehemu ya chini ikigusa udongo wenye unyevu, na zipandwe ndani ya wiki mbili. Baki na mistari michache ya mimea iliyopimwa ikawa safi, uizungushie uzio, na ndiyo utakayopeleka sampuli zake maabara mwakani kabla ya mvua za masika.